Nani Abaki na Pamba?

Kila asubuhi Irine alikata majani ya viazi vitamu nyuma ya nyumba yao pale mtaa wa Sakina, akampelekea Pamba, sungura wake mweupe. Lakini Desemba ile hata kazi hiyo aliifanya akirukaruka. Biashara ya mitumba ilikuwa imemkubali baba, na kwa mara ya kwanza familia nzima ingekwenda Machame kula Krismasi kwa bibi!

Furaha hiyo ilikuwa na mwiba mmoja tu. Pamba alikuwa na mimba, na karibu Wachaga wenzao wote wa mtaa walikuwa wanafunga mizigo kwenda kwao. Nani angebaki naye?

"Susana!" alisema Irine bila kufikiri. Susana, ambaye hakuwa anasafiri, alikuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana.

"Au Nashilu," alisema mama. Nashilu alikuwa mtoto wa jirani yao Mwarusha, mfugaji wa mbuzi.

"Nashilu ana maswali, mama! Anakula nini, hali nini, akiumwa nifanyeje. Utadhani polisi!"

Mama alicheka. "Basi tuwajaribu. Jumamosi tunashinda sokoni, Jumapili kwa mjomba. Kila mmoja na siku yake."

Jumamosi jioni Susana aliwapokea kwa tabasamu. "Kila kitu shwari! Amekula mpaka kasaza." Irine alilikuta kopo la maji likiwa kavu kabisa. Alilijaza mwenyewe, akanyamaza. Rafiki ni rafiki, bwana.

Jumapili Nashilu aliwasubiri mlangoni, uso umemshuka.

"Shikamoo mama. Irine, nisamehe. Nilipofungua banda, Pamba alinichoropoka. Nimemkamata kwenye michongoma, lakini sikio limekwaruzika. Nimeliosha kwa maji ya chumvi."

Irine aliwaka. "Unaona, mama? Susana hakumtorosha!"

"Susana alikuambia nini?" mama aliuliza.

"Kila kitu shwari."

"Na ulikuta shwari?"

Irine alitaka kusema ndiyo. Uongo ulimkataa. "Kopo la maji lilikuwa kavu," alisema, na aibu ikamshika kwa sababu alikuwa amelijua hilo tangu jana. Kisha akamgeukia Nashilu. "Utabaki naye? Tafadhali."

Krismasi ilikuwa tamu, nyama na ndizi mpaka mkanda wa baba ukalegezwa. Hata hivyo, siku ya kurudi Irine alitangulia kushuka kwenye basi akakimbia mpaka nyumbani.

Nashilu alikuwa kando ya banda. "Wamezaliwa!" alipiga kelele. Halafu akashusha sauti. "Mmoja alikufa, Irine. Nilimkuta asubuhi amepoa. Nimemzika pale."

Irine alichungulia. Vitoto vitano vilikuwa vimelundikana kwenye manyoya, vinapumua! Alilia kidogo kwa yule mmoja, akacheka kwa hao watano, akamkumbatia Nashilu.

Mama alipofika na kusikia yote, aliweka mizigo chini. "Nisingejua kamwe kama walizaliwa sita," alisema. "Nashilu angeweza kunyamaza. Mwanangu, anayekuambia la uchungu kabla hujamuuliza, huyo mwachie hata ufunguo wa nyumba."