Mapezi Meusi ya Mama Mdogo

Kila alasiri, Kijiko akitoka shuleni, kazi yake ya kwanza haikuwa vitabu. Alivua sare, akavaa gauni la kushindia, akaburuta beseni kubwa hadi kwenye bomba la uani na kuanza kuosha vifaa vya Mama Mdogo. Chumvi ya bahari haina huruma. Ukiiachia siku mbili tatu, inakula mpira na chuma kama mchwa anavyokula mlango. Kwa hiyo alisuuza miwani, akasuuza mkanda wenye vipande vizito vya risasi vya kumsaidia kuzama, akageuza soksi nene za mpira ndani nje, kisha akamalizia na mapezi. Mapezi hayo ni viatu vyenye bapa refu mbele, na ndiyo yanayomwezesha mzamiaji kushuka chini na kupanda tena kwa pumzi moja.

Jina la Kijiko alipewa akiwa mchanga, kwa sababu hakulala mpaka ashikishwe kijiko mkononi. Sasa alikuwa na miaka kumi na mitatu na alilala bila kijiko chochote, lakini jina lilikuwa limeshaganda.

Mama Mdogo, yaani mdogo wake mama, alikuwa mzamiaji wa mkuki. Asubuhi alitoka na mwenzake, mwanamume mcheshi aliyeitwa Nahodha, ingawa boti lake lilitosha watu watatu na ndoo ya barafu, basi. Mmoja akizama, mwingine alibaki juu akimwangalia, na sheria hiyo hawakuivunja hata siku moja. Samaki wao waliuzwa kwenye mikahawa ya mjini.

Mwaka uliopita, samaki hao ndio walioilisha nyumba nzima. Mama yake Kijiko alikuwa fundi cherehani, lakini mgongo ulimlaza kitandani kwa miezi mingi, akawa hawezi hata kukaa kwenye mashine. Mama Mdogo hakuuliza zamu ni ya nani. Alileta unga, alileta dawa, alilipa ada ya shule, na jioni alimsaidia dada yake kugeuka kitandani huku akimtania, "Dada, wewe umenenepa au mimi ndiye nimechoka?" Hata siku ambazo hakukuwa na kicheko ndani ya nyumba ile, yeye alikileta kutoka nje.

Sasa Mama alikuwa amepona, cherehani inalia tena, na jambo moja halikumpa usingizi. Mapezi ya Mama Mdogo yalikuwa yamepasuka bapa, yamezungushwa utepe na waya kama mguu wa mgonjwa.

"Asante ya mdomo nimeisema mpaka imechakaa," Mama alimwambia Kijiko siku moja, akikata uzi kwa meno. "Nataka kumnunulia mapezi mapya. Lakini iwe siri, maana akijua atakataa. Wewe ndiye utakayemjaribia."

"Mimi, Mama?"

"Kwani kandambili zenu si mnagombania kila asubuhi? Mguu wako na wake ni mmoja. Na kuogelea unakujua, si kama mimi ninayeogopa hata beseni."

Kijiko alijisikia amekuwa mtu mzima siku hiyohiyo.

Jumamosi walikwenda kwenye duka la vifaa vya majini, lililopakana na bwawa la kuogelea. Mwenye duka alikuwa mwanamume mnene, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba. Hakukimbilia kuuza. Kwanza aliuliza: huyo mzamiaji anazama kwenye miamba au maji ya wazi? Anashinda majini muda gani? Miguu yake ina nguvu kiasi gani? Kisha akatandika jozi tatu mezani.

"Haya ya plastiki ni mazito kidogo, lakini ukiyagonga kwenye mwamba hayajali," alieleza. "Haya ya manjano ni ya faiba. Bapa linakunjika na kurudi taratibu, kwa hiyo mguu hauchoki haraka. Na haya meusi ni ya kaboni. Mepesi, yana kasi, ila haya hasa ni magumu sana. Yanataka paja la mwanariadha, na saizi iliyobaki ni hii moja tu."

Yale ya faiba yalikuwa ya manjano ya kizembe, kama haradali iliyosahauliwa kwenye sahani. Yale meusi yaling'aa. Kijiko aliyaona na moyo ukamwenda mbio. Alijiona Jumapili bwawani, Mama Mdogo amemwazima, wenzake wa timu ya kuogelea wameduwaa ukingoni. Mapezi ya mzamiaji yalikuwa yameshakuwa mapezi yake.

Mwenye duka alimpa soksi nene za mpira. "Vaa hizi kwanza, kwa sababu mzamiaji wetu anazivaa. Kisha uogelee kwenda na kurudi kwa kila jozi, upumzike kabla ya kuvaa nyingine. Usiniambie ipi ni nzuri. Niambie mguu unasemaje."

Mama alibaki dukani na mwenye duka, mbali na maji, na Kijiko akaenda bwawani. Alianza na ya plastiki. Yalikwenda, lakini yalivuta. Ya manjano yalimpeleka laini hata akasahau kwamba ameyavaa. Kisha akachukua meusi. Mguu wenye soksi haukuingia. Alisukuma, akavuta, akakunja vidole, wapi! Akatazama mlangoni. Hapakuwa na mtu. Akavua soksi, akaingiza mguu mtupu, ukaingia kwa kubanwa. Aliogelea kwenda tu, maana kurudi mapaja yalikuwa yanawaka moto na kisigino kinalalamika. Alitoka majini, akavaa soksi tena, akarudi dukani akichuruzika maji.

"Haya meusi, Mama! Hayana mfano."

"Umejaribu na soksi?" Mama aliuliza.

"Ndiyo, Mama."

"Hayabani?" aliuliza mwenye duka.

"Hata kidogo."

Alisema hivyo mtoto ambaye kila siku alizisuuza soksi zilezile kwa mikono yake na kuujua unene wake. Tamaa ikishaingia, inamfanya mtu asahau hata kazi yake mwenyewe.

Jioni ile Mama Mdogo alipofungua mfuko, alikaa chini sakafuni na kulia. Alilia kweli, kamasi na machozi, mpaka Nahodha aliyekuwa amesimama mlangoni akaomba kitambaa na yeye. "Dada, umenivalisha," Mama Mdogo alisema. "Mtu akikukumbuka namna hii, huchoki kuishi." Akamkumbatia Kijiko na kumshukuru kwa kuchagua. Kijiko alifurahi, lakini ile furaha ilikuwa na mwiba.

Mwiba ukaanza kuonekana. Siku ya pili, beseni lilikuwa na kila kitu isipokuwa soksi. Zilikuwa zimekauka kwenye msumari, hazikwenda baharini. Siku iliyofuata, vivyo hivyo. Kisha Kijiko akamkuta Mama Mdogo ameloweka miguu kwenye maji ya chumvi ya uvuguvugu. Visigino vilikuwa vimetoka malengelenge, mengine yamepasuka, nyama nyekundu.

"Ni nini hicho, Mama Mdogo?"

"Si chochote. Kiatu kipya lazima kikung'ate kidogo ndipo mzoeane." Akacheka. "Usimwambie mama yako. Amejinyima kwa ajili yangu. Nikianza kulalamika, si itakuwa shukrani ya punda, mateke?"

Kijiko alirudi bombani. Alijiambia kwamba kweli yatazoeleka.

Kesho yake Nahodha alileta vifaa mwenyewe, na siku hiyo hakuwa na mzaha. Alimvuta Kijiko pembeni ya bomba. "Mwangalie mama yako mdogo. Leo misuli ya mguu ilimkaza akiwa chini. Nilimwona anapiga pezi moja, mguu wa pili umekufa ganzi. Nimeruka nikamkuta njiani, nikampandisha. Anasema ni uchovu. Na kesho tunakwenda mwamba wa mbali, kwenye kina kirefu, kwa sababu mikahawa imeagiza samaki wakubwa."

Mapezi meusi yalikuwa mikononi mwa Kijiko, yanang'aa, na kwa mara ya kwanza aliyaona mabaya. Angeweza kungoja tena. Angeweza kuyaficha, au kusingizia yamepotea. Lakini alimwona Mama Mdogo kule chini, pumzi moja kifuani na mguu mmoja unaokataa kazi, na akajua kwamba kesho ni mbali mno.

Aliingia ndani maji yakimdondoka viganjani. Mama alikuwa kwenye cherehani, Mama Mdogo amenyoosha miguu mkekani.

"Mama, nilisema uongo," alianza, na machozi yakamtangulia. "Sikujaribu yale meusi na soksi. Mguu haukuingia. Yalinibana hata bila soksi, na mapaja yaliniuma. Niliyataka kwa sababu yanang'aa, nilitaka kuyaazima. Mama Mdogo anaumia kwa sababu yangu. Leo mguu ulimkaza chini ya maji. Tafadhali asiyavae kesho."

Cherehani ilinyamaza. Mama alimtazama binti yake, kisha akamgeukia mdogo wake. "Nionyeshe visigino."

"Dada, ni kitu kidogo tu..."

"Nimesema nionyeshe."

Alipoviona, Mama alishika kinywa. Kijiko alingoja kofi. Halikuja. "Wewe umekosa," Mama alimwambia, "na kosa lako lilikuwa linakwenda kuchukua roho ya mtu. Hilo tutalizungumza. Lakini na wewe," akamnyooshea mdogo wake kidole, "na ukubwa wako wote! Mficha maradhi kifo humuumbua. Ulitaka nikuzike na mapezi yangu miguuni?"

"Nilikuwa nashukuru," Mama Mdogo alisema kwa unyonge, kama yeye ndiye mwenye miaka kumi na mitatu.

Kesho yake boti halikwenda mwamba wa mbali. Mama, Mama Mdogo na Kijiko walikwenda dukani, na Mama akamwacha Kijiko aongee mwenyewe. Alimweleza mwenye duka kila kitu, soksi, uongo, malengelenge. Yule mzee alivua miwani akaifuta muda mrefu. Kitu kilichokwisha kuingia baharini hakirudishwi rafuni, alisema. Ila dukani hapakuwa na jozi ya kaboni ya kujaribia. Angeyachukua meusi yawe ya kujaribiwa na wateja, na kuwapa jozi nyingine badala yake, kwa sharti kwamba kila Jumamosi, mpaka muhula uishe, Kijiko awe pale bwawani kuwavalisha watu soksi kabla ya pezi lolote.

"Sitapata mtu bora kuliko wewe kwa kazi hiyo," alisema, na Kijiko, katikati ya aibu yake, alishindwa kujizuia, akacheka.

Safari hii Mama Mdogo alijaribu kwa miguu yake mwenyewe, visigino vilipopona. Alivaa soksi. Alikwenda na kurudi, akapumzika mpaka pumzi ikatulia, akabadilisha. Alipomaliza alikaa ukingoni akiminya mapaja. Ya plastiki yalikuwa salama lakini mazito kwa kutwa nzima. Ya manjano, alisema, mguu haukusema neno.

"Rangi yake lakini," Mama alinong'ona.

"Samaki hawatanioa, dada."

Jumapili Kijiko aliruhusiwa kupanda boti. Alikaa karibu na Nahodha, macho kwenye maji. Mama Mdogo alivuta pumzi, akainama, yale mabapa ya manjano yakapunga hewani na kuzama. Kijiko naye alibana pumzi bila kujua. Akaona mwanga wa manjano ukipungua, ukapotea, kisha ukarudi taratibu, miguu miwili ikipiga sawasawa, mpaka kichwa kikatoka juu ya maji na samaki mkubwa kwenye mkuki.

"Asante, mwanangu," Mama Mdogo alisema, akishika ukingo wa boti.

"Kwa nini? Mapezi umechagua mwenyewe."

"Mapezi ndiyo. Asante kwa kuja kuniambia. Kule mwamba wa mbali ningekufa huku nikiwashukuru." Alipanda, akavua pezi moja, akamkabidhi. "Sikiliza. Mimi nilidhani kushukuru ni kunyamaza, wewe ukadhani kweli inaweza kungoja. Tumekosa wote wawili. Ukimpenda mtu, mwambie kweli kabla hajaingia majini. Akishazama, hasikii tena."

Kijiko alilikumbatia lile pezi la manjano lililolowa, gauni likatota kifuani. Alishukuru kwa sauti, bila kuona haya mbele ya Nahodha, kwamba mama yake mdogo yuko hapo, anahema, anadai maji ya kunywa.