Kizuizi Kwenye Njia ya Ndege

Siku ndege ya abiria ilipotua Mbeya, watazamaji walikuwa wengi kuliko wasafiri. Damari alijipenyeza hadi mbele, gauni lake la maua likipepea, viatu vya raizoni vikimwongezea kimo.

"Dada, sogea kidogo. Umekuwa kizuizi."

Aligeuka. Kijana mwenye suruali ya bugaluu alikuwa ameinamia darubini ya kupimia ardhi.

"Kizuizi ndiyo nini?"

"Kitu chochote kirefu kilichosimama kwenye njia ya ndege. Mti, mnara, na sasa wewe."

"Basi ndege izunguke."

Kijana huyo, Liberatus, alikuwa mtu wa Kihesa, Iringa. Ofisi yake ilimtuma kukadiria abiria wa miaka ishirini ijayo, na kusema kama uwanja ule ungeweza kuwapokea. Damari alikuwa opereta wa simu pale mjini. Liberatus aliporudi Iringa, simu zikaanza.

"Kizuizi changu hajambo?"

"Hajambo, bwana ndege. Sema haraka, taa za wapigaji wengine zinawaka hapa."

Jambo moja Damari alimficha: kwao ni mwisho wa uwanja, nyuma ya mikaratusi. Aliogopa kulitamka. Mwaka sabini na nne, wakati wa kuhamia vijijini, malori yalimtoa baba yake, Mzee Jailos, kwenye shamba lake. Mama alinyeshewa njiani, akashikwa na kifua, hakupona. Mzee akaja kujenga mjini. Tangu hapo, akisikia lori linapunguza mwendo, huacha kula.

Miezi ikapita. Liberatus akarudi na vibarua, Damari akiwa kazini. Jioni alikuta mikaratusi imepakwa chokaa, na ukuta wa nyumba yao pia. Mzee Jailos alikuwa mlangoni, panga magotini.

"Safari hii watanikuta ndani," alisema.

Kesho yake Liberatus akaomba simu ya Iringa, kwa mkubwa wake. Damari akaiunganisha. Opereta hatakiwi kusikiliza, lakini hofu ilimgandisha, vipokea sauti vikiwa bado masikioni.

"Kizuizi kikubwa ni nyumba ya mzee mmoja, Jailos. Tukirefusha njia upande ule, lazima kiondoke..."

Damari akachomoa waya.

Liberatus akapiga tena.

"Laini imekatika, bwana."

"Damari? Ni wewe?"

"Imekatika."

Jioni, wakiwa mezani, lori likapunguza mwendo nje, likasimama, injini ikinguruma. Mzee akasukuma sahani na kushika panga. Damari akamtangulia mlangoni. Alikuwa Liberatus, peke yake.

"Umekuja kututoa?"

"Nimeelekezwa huku nikuulize kwa nini ulikata simu... Kumbe nyumba hii ndiyo kwenu?"

"Nilikusikia. Kizuizi lazima kiondoke!"

"Umesikia nusu. Ungengoja nimeze mate! Nilikuwa nasema, hata kikiondoka, mlima ulio nyuma yake utabaki palepale. Huku juu hewa ni nyepesi, ndege kubwa zinataka njia ndefu, na hapa haienei. Nimependekeza uwanja mpya nje ya mji, kwenye tambarare. Hiyo chokaa ni alama ya kupimia tu."

Damari akashusha pumzi. "Umefanya hivyo kwa ajili yangu?"

"Hapana. Hesabu zingedai nyumba iondoke, ningesema iondoke. Halafu ningekuja kukwambia mwenyewe."

Jibu hilo lilimtisha. Lakini anayetaka kumlaghai mwanamke hasemi hivyo, na kwa sababu hiyo akamwamini.

"Na wakubwa wakikataa?"

"Hilo sijui."

Mzee Jailos alikuwa amesimama nyuma yao, panga bado mkononi. Liberatus akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mzee. Nina jambo la pili. Naomba kumwoa huyu kizuizi."

Mzee alimtazama, akatazama na lile lori.

"Kazime hilo kwanza."

Liberatus akaenda, akazima injini. Kimya kikatanda hadi kwenye mikaratusi. Damari alipogeuka, panga lilikuwa limeegemezwa ukutani, na baba yake amevuta sahani, anakula.