Mistari Mgongoni mwa Binti Yangu

Mimi ni fundi cherehani, na ulimi wangu una mbio kuliko mikono yangu. Nakiri mapema.

Siku hiyo nilikuwa nampima binti yangu sketi ya shule. Ana miaka kumi na mitatu. Alikuwa amerudi juzi kutoka kwa shangazi yake, wifi yangu, alikokaa likizo nzima. Akainua blauzi nimpime kiuno. Nikaona mistari mgongoni. Ilikuwa myekundu, imelala mmoja juu ya mwingine, kama alama za fimbo.

Niliweka futi chini.

"Nani kakupiga?"

"Hakuna, mama. Sijapigwa."

"Ni shangazi yako, sema."

"Sijapigwa na mtu. Hata sijui imetokaje."

Sikumwacha amalize. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nilichukua simu nikamwandikia wifi: "Mwanangu hakanyagi tena kwako." Wifi huyo ndiye aliyenishika mkono nilipoolewa, nikiwa sijui hata pa kuanzia. Niliumia kuutuma ujumbe ule, lakini niliutuma.

Mchana jirani yetu, muuguzi, alikuja kuchukua gauni lake. Nikamwonyesha ule mgongo. Akapitisha kidole polepole.

"Panauma?" alimwuliza binti.

"Hapana. Mwanzoni paliwasha kidogo tu."

Muuguzi akanigeukia. "Fimbo huacha uvimbe na michubuko. Hii imezama kidogo, na imepangana sawasawa. Una vipimo vyake vya mwaka jana?"

Swali la ajabu, lakini vipimo ndiyo kazi yangu. Nikafungua daftari. Mwaka jana urefu wake ulikuwa sentimita mia moja hamsini na moja. Nikampima tena. Mia moja sitini.

"Basi aliyemchapa ni huku kukua," alisema. "Amerefuka haraka. Koti likimbana mtu, kitambaa cha juu huweza kushikilia, lakini bitana ya ndani ikachanika. Ngozi nayo ina tabaka la ndani. Likivutwa kwa kasi linachanika, inabaki michirizi. Wajawazito huipata tumboni. Wanaonenepa haraka huipata mapajani, na wanaojenga misuli huipata mabegani. Wengine wameirithi kwa wazazi."

"Kwa hiyo siyo ugonjwa?"

"Siyo, wala haiambukizi. Ila mtu akipata mipana na mingi bila sababu, huku uso unavimba na mwili hauna nguvu, aende hospitali."

Binti, aliyekuwa akisikiliza kwa makini, akauliza, "Itatoka? Rafiki yangu ana krimu kali. Anasema inaondoa kila kitu."

"Hiyo usiiguse. Krimu kali za namna hiyo mara nyingi huwa na steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe; ukizipaka muda mrefu, huifanya ngozi kuwa nyembamba na kuleta michirizi hiyohiyo."

"Na mafuta je?" nikauliza mimi.

"Yanalainisha ngozi, hayafuti michirizi. Ikiwa bado mipya, daktari wa ngozi anaweza kutoa krimu ya kuipunguza. Lakini baadhi ya krimu hizo hazifai kwa wajawazito, kwa hiyo usinunue kwa kubahatisha. Zipo pia mashine za mwanga. Nazo zinapunguza tu, hazimalizi. Huyu bado anakua. Mwacheni. Itafifia yenyewe kidogo kidogo."

Binti alikwenda kwenye kioo kujitazama kwa hamu. Mimi nilikuwa natazama simu. Wifi hakuwa amejibu.

Jioni ileile tulikwenda kwake. Nilimweleza yote, nikaomba radhi. Wifi akajifunika uso kwa mikono.

"Wifi, mimi niliiona tangu wiki ya kwanza," alisema. "Nikadhani ni wewe unayempiga. Ndiyo maana nilimng'ang'ania hapa mpaka likizo ikaisha."

Tuliona aibu sote wawili.

"Wote wawili niliwaambia sijapigwa," binti akasema. "Hakuna aliyeniamini."

Alisema kweli. Nikamshika mkono, nikamwambia, "Tusamehe, mama." Shangazi yake naye akamwomba msamaha.

Wiki iliyopita binti alinijia mwenyewe nikiwa nashona. "Mama, imeongezeka miwili, juu ya goti. Njoo uone." Niliacha cherehani, nikanyamaza, nikaenda kuona.