Mwalimu Alexis Ajifunza Kungoja

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, mwezi wa pili mwaka 1962, katika mtaa wa Katuba, mjini Elisabethville, mji ambao leo tunauita Lubumbashi. Mwalimu Alexis Ilunga alikuwa mezani, mbele yake chai na mkate. Alitaka kumwambia mtoto wake Clovis avae viatu. Alifungua kinywa, lakini sauti ilikwaruza tu, kama bawaba yenye kutu.

Mke wake, Delphine, alimpa maji ya moto yenye chumvi.

"Baba Clovis, sauti yako yote unaiachaka ku masomo," alisema. "Siye ku nyumba tunabakia na nini?"

"Bale batoto habasikiake, mama," alinong'ona Alexis. "Kama sipige makelele, nitafanya nini?"

Kwa miaka tisa Alexis alikuwa amefundisha watoto wadogo wa shule ya msingi. Kisha Katanga ikajitenga na Kongo, walimu wengi Wazungu wakaondoka, na shule ya sekondari ikakosa mwalimu wa hesabu. Alexis alijua hesabu vizuri sana, akapandishwa. Lakini hakuna aliyemwonyesha namna ya kuongoza vijana arobaini na wanane, wengine warefu kuliko yeye.

Siku hiyo kengele ililia, vijana wakaingia wakisukumana. Alexis alikuwa amegeukia ubao, anaandika. Nyuma yake meza ziligongana.

"Kimya!"

Walinyamaza kidogo, kisha kelele zikarudi. Mmoja akapigishwa magoti. Mwingine akatolewa nje. Saa nne, ndege iliruka kutoka uwanja wa ndege wa Luano ikapita juu ya paa la shule. Mulenga, kijana wa miaka kumi na sita, alikuwa anakaa karibu na dirisha. Aliruka juu, kiti chake kikaanguka kwa kishindo. Darasa zima likakimbilia madirishani.

"Mulenga! Inje!"

Mulenga alitoka. Ilikuwa mara ya tano kwa wiki mbili.

Mkubwa wa shule, ambaye wote walimwita prefe, alimkuta kijana amesimama ukutani. Wakati wa mapumziko alimwita Alexis.

"Mwalimu, uniletee karatasi ya kumufukuza huyu. Siku ya posho, Jumamosi, niione ku meza yangu. Na kilasi yako isipotulia, nitakurudisha kwa batoto badogo."

Alexis alitoka pale uso ukimwaka kwa aibu. Saa iliyofuata alipita karibu na darasa lile lile. Hakusikia kelele. Alichungulia. Madamu Simone Kapya alikuwa anafundisha Kifaransa. Vijana walikuwa wale wale. Hata Mulenga alikuwa ameinama, anaandika.

Simone alipotoka, Alexis alimsimamisha.

"Madamu Simone, unabapatia dawa gani?"

Simone alicheka. "Hapana dawa, ndugu yangu. Kesho ukuye, ukae nyuma. Usiangalie batoto. Uniangalie miye."

Jumanne Alexis alikaa kwenye kiti cha nyuma kabisa. Simone alisimama mlangoni. Alimsalimu kila mmoja kwa jina. Ubaoni kulikuwa tayari na kazi fupi: sentensi tatu za kumaliza. Vijana walikaa, wakaanza. Alipotaka kusema, alisimama katikati na kungoja. Hakufungua kinywa mpaka wa mwisho aliponyamaza. Kisha alisema kwa sauti ya chini. Wawili walipoanza kunong'ona, alitembea mpaka mezani kwao huku anaendelea kusoma. Wakaacha.

Mulenga alikuwa hajaandika kitu. Simone aliinama, akamwambia maneno machache sikioni, akaenda zake. Baada ya muda kijana akashika kalamu.

Ndipo ndege ikapita. Simone aliweka chaki chini.

"Ndege. Tunangoja."

Wote waliweka mikono mezani. Mngurumo ukaja, ukapita. "Émile, tulifika wapi?" aliuliza Simone, na kijana mmoja akasoma pale walipoachia. Lakini Alexis alikuwa ameona jambo jingine. Mikono ya Mulenga ilitetemeka juu ya meza.

Baadaye walikaa katika chumba cha walimu wakila karanga.

"Uliona nini?" aliuliza Simone.

"Unabangojeaka ku mulango. Ni heshima?"

"Heshima iko. Lakini pia ninaona nani amekuja na hasira, nani hakulala. Ninajua mbele ya kuanza. Na kazi iko tayari ku tablo. Kama habana kazi, batajitafutia yao."

"Na hupige makelele."

"Nikipiga, banaongeza yao. Nikishusha sauti, bananyamaza juu ya kusikia."

"Na Mulenga? Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia, 'Sentensi ya kwanza tu, nitarudi kuangalia.' Kisha nikaenda. Ukimusimamia pale, bote banamuangalia, na yeye anaona haya kutii."

"Basi hakuna adhabu?"

"Iko! Mwenye hakumaliza anabakia saa ya mapumziko, anamaliza. Hapana matusi. Ni ile ile kwa bote. Lakini kumutosha inje? Hesabu inabakia ndani, mutoto iko inje. Atajifunza nini?"

Alexis aliponda ganda la karanga.

"Mikono ya Mulenga inatetemeka ndege ikipita," alisema.

"Njo vile, inatetemeka. Umuulize."

Jumatano Alexis alisimama mlangoni. Aliwasalimu wote. Lakini alikuwa amesahau kuandika kazi ubaoni. Alipogeuka kuandika, kelele zililipuka. "Leo mwalimu anatusalimia, iko mugonjwa!" alisema mmoja, wengine wakacheka. Alexis akakasirika, akapiga kelele kuliko Jumatatu.

"Nimeshindwa," alimwambia Simone.

"Siku moja tu? Batoto banataka kuona kama utarudilia kesho."

Alhamisi alifika mapema. Aliandika mahesabu matatu mepesi. Aliwasalimu mlangoni, kisha akasimama mbele, akangoja. Dakika moja ilipita, ndefu kama misa. Faustin, aliyekaa mbele, aligeuka na kuwaambia wenzake, "Shii! Anatungojea." Kelele zikapungua, zikafa.

"Aksanti," alisema Alexis kwa sauti ya chini. "Laurent, umeanza vizuri, umepanga namba zako mu mustari. Bengine mufanye vile."

Ndege ikapita.

"Tunangoja," alisema Alexis.

Mulenga alikuwa amekwisha kuinuka nusu. Alexis hakumwita kwa jina. Alimwendea polepole, akaweka mkono juu ya meza yake.

"Kaa. Niko hapa."

Mulenga akakaa.

Baada ya somo Alexis alimwomba abaki kidogo.

"Ndege inakufanya nini, mwana?"

Mulenga aliangalia chini. "Mwezi wa kumi na mbili, mu mapigano, ndege zilikuwa zinatupa mabomu, tulilala chini ya kitanda siku tatu, na dada yangu. Sasa ndege ikipita, miguu inasimama yenyewe."

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Ulinitosha inje mbele ya miye kusema, bwana mwalimu."

Alexis alivuta kiti akakaa karibu naye.

"Unisamehe. Sasa, unataka kukaa wapi?"

"Karibu na mulango. Nikijua mulango iko karibu, nitaweza kukaa."

"Sawa. Lakini mahesabu yote uliyokosa, utayafanya. Saa ya mapumziko, pamoja na miye."

"Ndiyo, bwana mwalimu."

Jumamosi asubuhi prefe alinyoosha mkono. "Karatasi iko wapi?"

"Sina, bwana prefe. Ninaomba ukuye uone kilasi mbele ya kuamua."

Prefe alikunja uso, lakini alikuja, akasimama nyuma. Somo lilikuwa katikati ndege ilipoanza kunguruma. Prefe alikwenda haraka dirishani, akainua shingo kutazama juu. Mngurumo ulipoisha aligeuka. Vijana arobaini na wanane walikuwa wamekaa, mikono mezani. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa dirishani.

"Mulenga," alisema Alexis, "tulifika wapi?"

"Ku hesabu ya ine, bwana mwalimu."

Prefe alikohoa. Alipofika mlangoni alimwambia Alexis taratibu, "Hiyo karatasi, uiache."

Hayakuisha yote siku moja. Kuna asubuhi ambazo Alexis alisahau, akapaza sauti, kisha akawaomba radhi. Lakini mpaka Pasaka hakumtoa mtu nje tena, na katika mtihani vijana arobaini na mmoja walifaulu.

Mulenga alipata hamsini na nne kwa mia. Siku ya kurudishiwa karatasi alikuja mezani, karatasi mkononi.

"Bwana mwalimu, ninaomba. Hesabu ya saba uliweka ni mubaya. Miye ninaona ni muzuri."

Darasa lilinyamaza kusikiliza. Alexis alivaa miwani, akakagua mstari kwa mstari. Kijana alikuwa sahihi. Alichukua kalamu nyekundu, akafuta hamsini na nne, akaandika hamsini na nane.

"Aksanti, Mulenga."

"Aksanti, bwana mwalimu," alijibu Mulenga, akaenda kuwaonyesha wenzake mahali mwalimu alipokosea.