Siku Tulipomhamisha Mama Kwenye Kanda

Ilikuwa Jumapili baada ya misa. Ukungu wa Igowole ulikuwa umelalia mahindi makavu, nami nachambua maharage sebuleni kwa mdogo wangu Timotheo. Mwaka 1979, vita vya Kagera vimekwisha, dukani hakuna sabuni wala betri.

Timotheo alikuwa dereva wa lori la mbao. Aliwahi kujiletea redio kaseti kutoka Tunduma, akaishusha garini ameikumbatia, anaifuta vumbi kwa shati lake. Mkewe Leokadia alimwambia kwamba angekumbatiwa yeye namna ile, nyumba ingekuwa imejaa mapacha. Walikuwa na mtoto mmoja tu, Evarista, wa kuanza kung'oka meno. Jina walimpa la dada yetu aliyekufa kwa surua akiwa mdogo.

Mama yetu alipoona ugonjwa haumwachi, alitaka sauti yake iwekwe kwenye kanda. Si kutuaga. Mama hakuwa mtu wa kuaga. Alitaka kuwaita marehemu wa ukoo kwa mpangilio, kama alivyowaita makaburini akimwaga ulanzi, pombe ya mianzi, ili wanawe tuliotawanyika tusije tukamruka mtu. Unaita jina, unanyamaza kidogo, unaita linalofuata. Kanda tupu hatukuwa nayo, tukaazima ya kwaya kwa Marcelino, mwalimu wa kwaya. Mama akaanza na babu yake Kalinga, akateremka nao wote hadi dada yetu Evarista. Kisha akakohoa, akasema basi. Hakukaa sana, tukamzika.

Matanga yalipokwisha Marcelino akadai kanda yake, kwaya inataka kurekodi. Alikuwa na haki. Timotheo akapata kanda mpya, na ndiyo kazi ya Jumapili ile: kumhamisha mama kutoka kanda ile kuja hii.

Marcelino alikuja na redio kaseti ya parokia. Wakaziweka mbili mezani, zimetazamana, moja iseme, nyingine isikilize. Ile inayosikiliza haichagui. Hunasa kila kilichomo chumbani. Kwa hiyo kuku walifukuzwa, dirisha likafungwa, na Evarista akawekwa kwenye mkeka, akaambiwa akitoa sauti atalala njaa.

Mama akaanza kuita. Kalinga. Kimya. Anania. Kimya. Mtoto alitulia kabisa, mpaka nikamwonea fahari.

"Evarista," mama akaita.

Mtoto akasimama. "Abee, bibi."

Msimlaumu. Bibi yake ndiye aliyemfundisha kuitika mwito wa kwanza, na alimfundisha kwa kofi. Timotheo akamkazia macho, lakini hakusimamisha mashine. Betri za redio yetu zilikuwa zinakufa, na nyingine hazikuwepo hata kwa kuhonga. Nikamwambia tusikilize kwanza ile mpya kabla hajarudisha ya watu. Akasema, "Dada, mashine si binadamu, haikosei." Wanaume na vyuma vyao. Marcelino akaondoka na kanda yake, na jioni ileile kwaya ikaimba juu ya sauti ya mama, ikaifuta.

Betri zilipopatikana tukaiwasha ile mpya. Majina yote yalikuwemo. Evarista. "Abee, bibi." Leokadia akacheka kidogo.

Halafu mama akasema, "Umechelewa. Njoo."

Mama hakuwahi kusema hivyo. Mimi nilikuwepo akirekodi. Baada ya jina lile alikohoa tu. Sasa kikohozi hakikuwemo.

Tangu siku ile mtoto akawa anaitika bila kuitwa. Yuko jikoni anakula, anaweka kijiko chini. "Abee, bibi." Anaelekea mlangoni. Tunamshika. Mwili ukapungua, magoti yakawa makubwa kuliko mapaja. Hospitali walimpima, wakasema hana kitu. Padri akamwombea. Mama mkwe wake Timotheo akaleta dawa zake za kuoga. Mtoto akaoga, akaitika akiwa ndani ya beseni.

Ndipo Timotheo akafikiria kulifuta lile neno. Kama mwitikio haupo, alisema, mama ataona hakuna aliyejibu. Akaketi na kanda, akasubiri jina lifike, akabonyeza vile vitufe viwili vya kurekodia, akaziba pumzi, akaachia. Alifanya vizuri. Neno likatoka. Ukisikiliza pale ni mchakacho tu.

Nikamwita mtoto aje anywe uji.

Hakugeuka.

Leokadia akamwita. Akampigia makofi masikioni. Hakugeuka. Sisi hakutusikia tena. Kwa upande wetu masikio yalikuwa yamefungwa. Upande wa pili yalibaki wazi.

Alifia mapajani mwangu, mchana, namsuka nywele. Alinyoosha shingo kama mtu anayetafuta sauti inatoka wapi. Akatabasamu na lile pengo lake. Kidomo kikasema neno, lakini sauti haikutoka. Nilikuwa bado nimeshika nywele zake.

Kanda mpya Leokadia aliitia motoni mwenyewe. Tukadhani basi.

Mahindi yalipokuwa yanapandwa Marcelino akaja na ile kanda ya kwaya. Hakusalimia sawasawa. Aliniuliza ni mtoto gani alikuwa kanisani siku wanarekodi, kwa sababu wao walikuwa wamefunga mlango. Akaiwasha. Wimbo ukaisha. Kabla ya wimbo wa pili, mtoto akasema:

"Abee, bibi."

Neno lile halikuwahi kuwa kwenye kanda ile. Nilitaka kuizima. Marcelino akanishika mkono.

"Subiri," akanong'ona. "Kuna mwingine anaitwa."

Timotheo alikuwa uani anapasua kuni. Dirisha lilikuwa wazi.

Mama akaita, taratibu, kama alivyomwita tangu mdogo akiwa malishoni.

"Timotheo."

Nikafungua kinywa kumkataza asiitike.

Shoka likanyamaza.

"Naam, mama," akasema mdogo wangu, huko nje.

Tulipotoka, uani hapakuwa na mtu. Nyayo zake zilikuwa pale pale alipokuwa amesimama, hazikuelekea popote. Shoka liko kwenye gogo mpaka leo. Gogo limeoza, limekuwa udongo. Shoka limesimama vilevile, na mpini wake, ukiushika asubuhi, una joto la mkono.