Niliitikia Marahaba Isiyo Yangu

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nne, mama wa watoto wawili, mkazi wa Buzuruga hapa Mwanza. Leo sina kazi, na usingizi naupata kwa kuuomba. Lakini aliyeumia si mimi... ni mtu niliyemuumiza kwa mkono huu huu ninaoandikia.

Nilifanya kazi miaka saba kwenye kiwanda cha minofu ya samaki kando ya ziwa. Nilipoingia sikujua hata kushika kisu. Walionifundisha ni pacha wawili wa Kisesa, Kulwa na Doto, wanawake walionizidi zaidi ya miaka kumi. Kila asubuhi niliwaamkia shikamoo, wakaitikia marahaba, kisha utani ukaanza.

Baadaye nikapewa usimamizi wa kundi letu, wanawake kumi na wanne. Siku ya kwanza niliwaambia, "Jamani, mimi ni mdogo wenu. Mwenye neno aniletee, litaishia kwangu." Walinipigia vigelegele. Waliniamini!

Kulwa alikuwa wa kwanza kuja. Aliniambia kitasa cha ndani cha chumba cha kugandishia samaki kimeharibika, ipo siku mtu atafungiwa humo. Aliniomba nisimtaje, maana meneja wetu hakupenda watu aliowaita wachochezi.

Nikapanda kwa meneja. Akauliza nani analalamika. Nami, kwa tamaa ya kuonekana nawajua watu wangu, nikamtaja... Kwa nini sikusema ni mimi niliyekiona? Ulimi wangu ulikuwa na haraka ya kwenda wapi? Wiki ile ile Kulwa alisimamishwa kazi, na kitasa hakikuguswa.

Hakuna aliyenigombeza. Heri wangenigombeza! Asubuhi iliyofuata, kabla sijafungua kinywa kuamkia, Doto akaniwahi, "Shikamoo, bosi."

Nilidhani ananitania. Lakini wa pili naye akaamkia hivyo hivyo, na wa tatu, mpaka mama mmoja mwenye umri wa mama yangu mzazi. Wote macho chini, kwenye visu vyao. Mkubwa kumwamkia mdogo shikamoo! Mwenye akili angeshtuka. Mimi nilijiona nimeheshimika, nikaitikia marahaba.

Tangu hapo utani ulikufa. Nikiuliza kama kuna tatizo, jibu lilikuwa moja, "Hakuna shida, bosi." Nikisogea, mazungumzo yanakatika. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini mimi nilikisikia kimya kile nikakiita nidhamu. Hata mume wangu nilimtambia kwamba kundi langu limetulia kuliko yote kiwandani.

Kumbe walishabuni njia yao. Kila aliyeingia kwenye kile chumba aliweka kreti tupu mlangoni ili mlango usijifunge. Wote walijua, isipokuwa mimi...

Siku ya balaa tulikuwa tunasubiri wakaguzi. Ilikuwa saa tano asubuhi. Nikapita pale, nikaona kreti imezuia mlango na baridi inatoka nje. Hasira zikanipanda. Uzembe gani huu, wageni wako njiani! Habari za kitasa zilishanitoka kichwani, kwa sababu hakuna aliyezitaja tena. Niliivuta kreti kwa mguu, nikausukuma mlango mpaka ukajibana, nikaenda zangu getini.

Ndani alikuwemo Doto.

Saa saba, wakati wa chakula, sahani moja ilibaki na ugali wake. Nikauliza ni ya nani. Wakatazamana... Yule mama mtu mzima akatupa tonge, akakimbia, na wote nyuma yake. Tulimkuta Doto amejikunyata nyuma ya mlango, mikono imekakamaa. Alikuwa amegonga mpaka akachoka, na mashine zilimeza sauti yake.

Mungu alimnusuru uhai. Lakini madaktari walimkata vidole sita, naye maisha yake yote aliishi kwa vidole hivyo! Kitasa kilibadilishwa kesho yake, kazi ya nusu saa tu. Mimi niliachishwa kazi, na sikulalamika.

Nilikwenda Kisesa kuomba radhi. Nilimkuta Kulwa anamlisha pacha wake uji. Nikapiga magoti mlangoni, nikasema yote, jina nililolitaja na kreti niliyoivuta. Kulwa hakuinua uso. Doto alificha mikono ndani ya kanga, akasema taratibu, "Shikamoo, bosi."

Nililia hadi nikakosa sauti. Ningeitikia nini?

Ndugu zangu mliokabidhiwa watu, nawasihi kwa machozi, msipite nilipopita mimi. Neno uliloaminiwa libaki kwako, hata kama litakugharimu cheo. Na siku mtu anayekuzidi umri atakapokuamkia shikamoo, usiitikie. Keti chini, umuulize umemkosea nini.