Barua Iliyolala Kwenye Zaburi

"Sema ukweli leo, kabla hawajanipakia kwenye ndege. Ile barua uliificha wapi?"

"Niifiche mimi? Wewe ndiye uliyeipata ukakaa kimya!"

"Nipate barua ya wito nikae kimya? Nina wazimu?"

"Sijui. Kamuulize huyo anayekuita mpenzi."

Kati yao, pale mahabusu ya uhamiaji, palikuwa na kioo kinene, kila mmoja ameshika simu ya ukutani. Simu zenyewe mbovu, zinapaza sauti hata mimi niliyekaa benchi la nyuma nilisikia kila neno. Upande wa pili alikuwa mkwe wangu, fundi wa friji, ambaye mtaa mzima unamwita Barafu kwa kazi yake na kwa upole wake. Upande huu binti yangu, msusi, mtoto pekee niliyeachiwa na marehemu mume wangu. Nimempakata mjukuu wangu Kadogo, miaka minne, ambaye tulimwambia baba yuko kazini.

"Bibi, baba anatengeneza friji gani hiyo isiyopona?"

"Kubwa, mama. Kubwa sana."

"Mbona hana spana?"

Mkwe wangu alikuwa ameinamia kioo.

"Mama Kadogo, si ulisema kwa mdomo wako? 'Bora wangekurudisha kwenu.' Haya, Ijumaa wananirudisha. Umefurahi?"

"Nilisema kwa hasira!"

"Na barua uliificha kwa hasira?"

Binti yangu akatundika simu kwa kishindo, akageuka. Hakuona mwenzake alivyoweka kiganja kwenye kioo. Mimi niliona. Mimi huona mengi, maana nimezoea kukaa nyuma na kutazama.

Mkwe wangu ana miaka tisa katika nchi hii, na mitano ya ndoa iliyofungwa kanisani kwetu. Karatasi zake za ukaazi zilikuwa zinashughulikiwa. Uhamiaji waliandika barua: mume na mke wafike wote wawili tarehe tisa. Hakufika hata mmoja, kwa sababu hakuna aliyeiona barua. Wakamfuata kazini, wakamkuta amepiga magoti nyuma ya friji la bucha. Wakamwambia umekaidi wito, wakamchukua na mikono yake ya grisi vilevile.

Tangu siku hiyo kila mmoja akawa na lake moyoni. Mume aliamini mke ameficha barua kwa wivu. Mke aliamini mume aliipata akaipuuza ili aondoke na mwanamke mwingine. Chanzo ni meseji ambayo binti yangu aliikuta kwenye simu ya mumewe:

"Barafu mpenzi njoo kesho asubuhi, bila wewe naoza."

Hapo ndipo aliposema lile neno la kurudishwa kwao. Nilikuwa jikoni, nikamkemea. Alikuwa ameshalisema.

Na mimi? Kila alfajiri nilipiga magoti nikaomba: Bwana, mfichue aliyeificha barua ile. Niliomba kwa machozi.

Tulipotoka pale Jumanne tulipitia ile bucha kuchukua sanduku la vifaa la mkwe wangu. Nyuma ya meza alikuwa bibi kikongwe, aproni imemfika miguuni, meno ya mbele hana.

"Karibuni wapenzi wangu!"

Binti yangu akasimama ghafla.

"Nimefuata sanduku la fundi Barafu."

"Wewe ndiye mkewe? Masikini mpenzi wangu, kaa chini. Niliwaambia wale mabwana, mwacheni amalize, nyama yangu inaharibika. Nimemwandikia mara ngapi? Friji hili likizima siku moja tu naoza mimi na duka langu!"

Mteja akaingia. Bibi akageuka: "Nikukatie kilo ngapi, mpenzi?" Mteja mwenyewe mwanamume wa makamo, na kitambi chake.

Binti yangu akakalia sanduku la vifaa palepale, akafunika uso. Sikujua anacheka au analia. Vyote viwili, nadhani.

"Mama, nimemwonea mume wangu."

"Umemwonea."

"Lakini barua, Mama? Kama hakuipata yeye na sikuipata mimi, nani aliichukua?"

"Mungu atamfichua," nikasema.

Jumatano baada ya chakula cha mchana mlango ukagongwa. Alikuwa mke wa fundi miwani, kajitanda hadi puani, kapu mkononi.

"Mama, nimekuletea miwani yako. Samahani kwa kuchelewa."

Miwani yangu ilivunjika zaidi ya mwezi mmoja nyuma. Niliipeleka kwa mumewe, na kesho yake duka likafungwa. Ukaguzi wa vibali vya wageni ulianza mtaani mwetu wiki ileile. Kinyozi akafunga, fundi viatu akafunga. Hata kwaya yetu kanisani ilibaki na sauti za juu tu, wenye sauti za chini wote wamejificha.

"Mzee hajambo?" nikauliza.

"Yupo ndani, hatoki hata kuanika shati. Miwani za watu anazitengenezea chumbani, nazungusha mimi. Mama, usiseme umeniona."

Akaondoka mbiombio. Nikavaa miwani, nikaona vumbi lote la nyumba yangu. Nikaitoa kabatini Biblia yangu kubwa, ambayo wiki zote hizo sikuigusa, nikitegemea mahubiri ya redio. Nikafungua Zaburi.

Bahasha ya kaki ilikuwa imelala pale.

Lazima niseme desturi yangu. Marehemu mume wangu alipolazwa, ilikuja barua ya serikali yenye habari za kifo chake, nikaifungua nimesimama mlangoni, nikaanguka na kichwa kikapiga kizingiti. Tangu hapo barua yenye mhuri haifunguliwi kwangu kabla haijalala kwenye Zaburi siku tatu ikiombewa. Naandika juu yake kwa penseli tarehe iliyoingia, halafu tarehe niliyoifungua. Mara nyingi huwa ni za kiwanja cha marehemu, na siku zote zinasema subiri. Hii ilipokuja sikuwa na miwani. Nikagusa mhuri kwa kidole, nikasema kiwanja tena, nikaandika tarehe kwa kupapasa, nikailaza humo ingoje miwani. Walipoanza kuulizana habari ya barua ya uhamiaji, niliapa mbele ya Mungu kwamba sijaiona. Na kweli sikuwa nimeiona.

Sasa niliiona. Jina la mkwe wangu, herufi kubwa. Na juu, mwandiko wangu uliopinda: imeingia tar. 2.

Nilikaa mpaka uji wa Kadogo ukapoa. Shetani alinijia na jambo jepesi sana: jiko linawaka, Mama, nani atajua? Nikainuka, nikaenda mbali na jiko, nikamwita binti yangu.

"Mama Kadogo, njoo. Kaa."

"Sikai, nina kichwa cha mteja nusu."

"Barua ninayo mimi."

"Barua ya kiwanja?"

Nikampa. Aliitazama, akanitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtoto niliyemzaa.

"Mama."

"Nilidhani..."

"Mama, ulikuwa umekaa pale kwenye benchi! Unatusikiliza tunavyorarukana! Ukaniambia Mungu atamfichua!"

"Amemfichua."

"Usinichezee, Mama! Siku ishirini na tatu mume wangu analala sakafuni! Mtoto analala na koti la baba yake! Na wewe unasali!"

"Nipige kama unaweza kupata nafuu."

"Nikupige niongeze dhambi juu ya haya? Hebu nione walichoandika!"

Akashika ukingo wa bahasha achane. Nikamdaka mikono yote miwili, nguvu sijui zilitoka wapi.

"Usiifungue!"

"Unaiombea tena?"

"Haijafunguliwa, mwanangu! Ikifika kwao imefungwa hivi, nani atasema mumeo alikaidi? Alikaidi kitu ambacho hakukisoma?"

Akaiachia taratibu kama mtu anayeweka yai.

Alhamisi saa moja asubuhi tulikuwa kwenye foleni ya uhamiaji. Dirisha la kwanza likatupeleka la nne. La nne likasema jazeni fomu. Fomu zimekwisha, kapigeni kopi nje. Tuliporudi na kopi, dirisha la nne limefungwa, wamekwenda kula. Lilipofunguka, kijana wa pale akasema:

"Rudini Jumatatu."

"Baba, ndege ni kesho," nikasema.

"Mama, mimi nafuata utaratibu."

"Na mimi nafuata mkwe wangu. Nitakaa hapa."

"Hapo huwezi kukaa."

"Basi niondoeni na mimi kwa ndege."

Foleni ikacheka. Kijana hakucheka, lakini aliinuka. Baadaye tukaitwa kwenye chumba cha mkubwa wake, mama mtu mzima mwenye miwani kama yangu. Aliigeuza ile bahasha mara tatu.

"Ilikuwa wapi?"

"Kwenye Zaburi."

"Kwa nini hukuifungua?"

"Nilitaka Mungu aisome kwanza."

"Akaisoma mwezi mzima?"

Aibu ilinipanda mpaka masikioni.

"Mama, nitajuaje kwamba hamkuiacha imefungwa kwa makusudi?"

"Mwenye hila angeichoma, mheshimiwa. Jiko lilikuwa linawaka."

Halafu nikamfungulia Biblia. Bahasha za kiwanja zilikuwa humo, nane, za miaka yote ya ujane wangu. Imeingia tarehe tano, imefunguliwa tarehe nane. Imeingia kumi na moja, imefunguliwa kumi na nne. Alizisoma moja moja. Kisha akarudi kwenye ile ya mkwe wangu: imeingia tar. 2, na chini yake hakuna kitu.

"Mwandiko huu mbona umepinda?"

"Miwani ilikuwa kwa fundi."

"Fundi gani anakaa na miwani mwezi mzima?"

Binti yangu akanikanyaga mguu chini ya meza. Nikakumbuka yule mama na kapu lake.

"Mafundi siku hizi, mheshimiwa, unawajua."

Alinitazama juu ya miwani yake. Nadhani alielewa zaidi ya nilivyosema. Akapiga simu, akaandika, akagonga mhuri.

"Namtoa kwenye orodha ya kesho. Jumatatu mtamchukua. Lakini kesi haijafutwa. Kila Jumanne atakuja kuweka saini hapa, mpaka aitwe upya."

"Mpaka lini?" binti yangu akauliza.

"Mpaka aitwe."

Hatukuruka wala kupiga vigelegele. Tulitoka tumechoka kama waliopigwa.

Jumatatu alitoka na mfuko wa nailoni wenye shati lake la kazi. Kadogo alimkimbilia akiwa na spana aliyoitoa kwenye sanduku.

"Baba, umesahau hii!"

Akambeba, uso wake akauficha shingoni mwa mtoto. Mkewe alisimama hatua tatu mbali, mikono haijui iende wapi.

"Nimekutana na mpenzi wako," akasema.

"Nani?"

"Wa bucha. Hana meno."

Mkwe wangu akacheka kidogo, kicheko kikavu.

"Ungeniuliza, Mama Kadogo."

"Na wewe ungeniuliza kabla ya kuniita mwizi wa barua."

"Nilikuuliza."

"Ulinihukumu. Mimi nilikutamkia neno baya, nalijutia mpaka kufa kwangu. Lakini kukuficha barua? Nikuuze mimi?"

"Mle ndani mtu anawaza kila kitu. Ukuta mweupe, taa haizimwi. Nilikuwaza vibaya mke wangu."

"Na mimi nilikuwaza vibaya."

"Basi tumelingana."

"Hatujalingana. Wewe unanuka zaidi."

Hapo akamvuta, wakashikana na mtoto katikati na spana inawachoma mbavu. Niliwaacha. Zamu yangu ilipofika nilitaka kupiga magoti palepale kwenye changarawe. Akanidaka kiwiko.

"Simama, Mama."

"Ni mimi, mwanangu. Mikono yangu hii."

"Nimeambiwa." Akaniinua wima. "Sitakudanganya, Mama, nina hasira. Nyumbani nitakula chakula chako, shikamoo nitakupa, lakini hasira nitakuwa nayo kwa siku kadhaa."

"Kaa nayo, baba. Ni haki yako."

Alikaa nayo wiki mbili. Jumanne alikwenda kuweka saini, akarudi. Jumanne nyingine akaenda, akarudi. Kila anapotoka, mkewe hasuki mtu mpaka amwone anakunja kona. Fundi miwani bado hafungui duka.

Jumanne ya tatu, yeye akiwa amesharudi, tarishi akaleta bahasha ya kaki. Miwani ninayo usoni, mhuri nauona, jina nalisoma. Biblia ipo mezani, imefunguka. Mkono wangu ukaenda wenyewe. Mungu ni shahidi, ulifika mpaka juu ya ukurasa.

Nikaurudisha.

"Baba Kadogo! Mama Kadogo! Barua!"

Walitoka mbio, yeye na bisibisi, mkewe na kitana. Akaichana palepale mlangoni, wakaisoma bega kwa bega. Mimi niliomba huku wanasoma, kwa haraka, macho wazi.

"Wanasemaje?"

"Tarehe kumi na nne, saa tatu asubuhi, wote wawili," binti yangu akasema. "Wameandika tarehe tu. Hakuna kingine."

"Tarehe tu," mumewe akarudia. Nikaona alivyokaza taya. Kisha akanigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu atoke aliniangalia kama zamani.

"Mama, na wewe utakuja."

"Nije kufanya nini tena?"

"Kukataa kuondoka dirishani. Sisi hatuwezi kama wewe."

Akaniwekea bahasha mkononi. Nikachukua penseli, nikaandika kwa mwandiko ulionyooka: imeingia leo, imefunguliwa leo.